Mtende wa Mwisho wa Safwani

Nilikuwa mchora ramani Basra,
idara ya mafuta, ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja
iliyozunguka umeme ulipopenda.
Usiniulize habari za wakubwa, sikuwaona.
Niulize habari za penseli.

Mpaka, hapo kwanza, haukuwa mstari. Ulikuwa sentensi.
Waingereza waliandika: kusini ya mtende wa mwisho wa Safwani.
Wakapigilia kibao mchangani, wakaenda zao.
Lakini mtende huzaa. Mtende hufa.
Chipukizi huota kando ya mama yake, hatua tatu kusini,
na hakuna anayeipigia serikali simu.
Kibao nacho kiling'oka: wapo wasemao ni upepo,
wapo wasemao ni mchungaji aliyekosa kuni za chai.
Basi nchi mbili zikabaki zimetengwa na jivu.

Chini ya sentensi hiyo, mafuta.
Mafuta hayasomi.

Kisha ile miaka minane na Iran.
Kaka yangu Ghazwani alirudi kutoka Fao ndani ya sanduku
ambalo mama alikatazwa kulifungua.
Tumeshinda, tukaambiwa. Tukashangilia kwa zamu.
Shangwe zilipokauka ikaja hesabu:
jirani wa kusini alitukopesha fedha za risasi,
na sasa alitaka kujua, kwa adabu, lini.
Wetu akajibu: tulikuwa ukuta wako.
Tangu lini ukuta ukalipa kodi?
Jirani akajibu: nani alikutuma uwe ukuta?
Niliwasikiliza redioni usiku, huku na huku,
kila mmoja na nusu ya kweli yake,
na nusu mbili zile hazikutimiza moja.

Dawa ya deni kulipa, hata mtoto anajua.
Iko nyingine, kongwe zaidi:
kumzika mdai.

Bwana Muhaibisi, mkuu wangu, aliandika bei ya pipa
ukutani kwa chaki kila asubuhi.
Kumi na nane. Kumi na sita.
Siku ya kumi na tatu aliiandika ndogo,
kama mtu anayenong'ona mbele ya mgonjwa.
"Wanafurika soko," alisema, "makusudi."
Mwezi huo mshahara wangu ulitosha mayai
na kiatu kimoja.

Julai wakaja wawili wenye suti.
Chora kisima cha jirani, wakasema,
kinachoanzia kwao na kuishia kwetu.
Nikauliza vipimo viko wapi.
Mmoja akanisogezea istikani ya chai, sukari imeshakorogwa.
Nikachora. "Kiinamishe zaidi," akasema.
Nikakiinamisha.

Labda kweli kiliinama. Sijui mpaka leo.
Binamu yangu Mishari alifanya kazi huko, kwenye mitambo ya Ratqa;
ndiye aliyetuletea maziwa ya unga miaka ya vita.
Ningeweza kumpigia: Mishari, vyuma vyenu vinashuka wima?
Laini zilikuwa mbovu, nilijiambia.
Laini hazikuwa mbovu kiasi hicho.

Agosti nikaiona kazi yangu kwenye televisheni,
nyuma ya mtu mwenye nishani nyingi.
Walikuwa wameipaka nyekundu.
Maji ya rangi yalivuka ukingo kidogo;
mimi nisingevusha.

Siku hizi wanafunzi huandika: sababu ya kwanza, deni,
sababu ya pili, bei, ya tatu, mpaka.
Wanapata alama zao, na ni haki yao.
Mimi bado natafuta mahali pa kuweka ile istikani.

Mwaka juzi nilikwenda Safwani.
Kuna nguzo za saruji, kuna handaki, kuna seng'enge.
Nikamuuliza kijana muuza nyanya: mtende wa mwisho ni upi?
Akanyosha kidole. "Ule."
Akageuka, akatazama tena.
"Au ule. Inategemea, mama,
umesimama wapi."